Shajara ya mradi: COMLEX peke yake, au na USMLE?

Shajara hii naiandikia wadogo zangu wanaosoma udaktari wa osteopathia hapa Marekani (shahada ya DO, udaktari kamili kama ule wa kawaida wa MD, pamoja na tiba ya mikono kwa misuli na mifupa), na wale ambao bado wanajiuliza kama waombe shule za DO. Waswahili tulio kwenye shule hizi tumetawanyika, mmoja Ohio, mwingine Texas, mwingine Minnesota, na kila mmoja huanza kutafuta majibu upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Mradi wenyewe ni huu: kuamua nifanye mitihani ipi ya leseni, COMLEX ya wanafunzi wa DO peke yake au pamoja na USMLE ya wanafunzi wa MD, ili nipate residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) ya magonjwa ya ndani, kisha kuifanya. Nitaongeza sehemu kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka. Yaliyokwama nitayaeleza kwa urefu, pamoja na bei yake.

15 Januari 2023: Hali ilivyo

Tuanze na lisilo na hiari. Mwanafunzi wa DO hahitimu bila kufaulu COMLEX Level 1 na Level 2-CE, mitihani ya bodi ya NBOME. Level 3 hufanywa baada ya kuhitimu, wengi wakiwa mwaka wa kwanza wa residensi. Mitihani hiyo mitatu inatambuliwa kwa leseni katika majimbo yote 50, na DO ana mamlaka yaleyale ya MD: anaandika dawa, anapasua, anazalisha. Nasisitiza hili kwa sababu ndugu zetu walioko Uingereza wanajua osteopathia ya aina nyingine, isiyo na dawa wala upasuaji, na habari zao hufika nyumbani kabla ya zetu.

Kwa ajili ya leseni, basi, USMLE haihitajiki. Inayoileta ni residensi. Zamani madaktari wa osteopathia walikuwa na programu zao za ubingwa, chini ya chama chao cha AOA, na mchakato wao wa kugawa nafasi. Mwaka 2014 yalifikiwa makubaliano ya kuunganisha mifumo, na kufikia Juni 2020 programu zote zikawa chini ya ACGME, baraza linaloidhinisha mafunzo ya ubingwa. Tangu hapo DO na MD wanagombea nafasi zilezile. Wakurugenzi wengi wa programu wamekulia kwenye alama za USMLE na wanazisoma bila kufikiri mara mbili. Alama za COMLEX ziko kwenye kipimo kingine kabisa, na si wote wanaojua 550 ni alama nzuri au ya kawaida.

Halafu mwaka jana mambo yakageuka tena. Tangu 26 Januari 2022 Step 1, sehemu ya kwanza ya USMLE, haitoi alama, ni kufaulu au kufeli tu, na Level 1 ikafuata Mei mwaka huohuo. Uzito wa namba umehamia Step 2 CK, sehemu ya pili ya USMLE, na Level 2-CE.

Njia zilizo mbele yangu ni tatu: COMLEX tu, COMLEX pamoja na Step 1 na Step 2 CK, au COMLEX pamoja na Step 2 CK peke yake, kwa kuwa sheria za USMLE zinaruhusu Step 2 CK kufanywa bila kutanguliza Step 1. Shangazi aliniuliza kwa nini binamu yangu aliyesoma Muhimbili hana mjadala huu. Yeye amesoma nje, kwa hiyo anapitia ECFMG (shirika linalothibitisha waliosoma udaktari nje ya Marekani) na USMLE basi. COMLEX ni ya wanafunzi wa shule za DO tu.

11 Februari 2023: Kuuliza programu zenyewe

Dada mmoja aliyetutangulia, sasa yuko residensi ya tiba ya familia, alinipa ushauri ambao nimeufanya kuwa msingi wa mradi mzima: "Mdogo wangu, kwanza niambie unataka kusomea nini, na wapi. Mtihani utajichagua wenyewe."

Nikafungua jedwali la programu za magonjwa ya ndani katika majimbo ninayoweza kuishi, na kuanza kujaza safu ya mitihani kutoka kwenye tovuti zao. Njia hii haikufaa. Kurasa nyingi zimeandikwa miaka kadhaa iliyopita. Nyingine zinataja mitihani ya vitendo iliyokwisha kufutwa, Step 2 CS na Level 2-PE. Nyingi zinasema "tunapokea COMLEX" bila kueleza kama anayeleta COMLEX peke yake anaitwa kwenye usaili.

Kilichofaa ni vitu viwili. Kwanza, barua pepe fupi kwa mratibu wa programu, si kwa mkurugenzi. Waratibu hujibu, na wengi wao ni watu wema sana. Swali langu lilikuwa hili: "Je, katika miaka miwili iliyopita mmemwita kwenye usaili mwombaji wa DO mwenye COMLEX bila USMLE?" Ukiuliza "mnapokea COMLEX?" utajibiwa ndiyo na hutajua lolote. Ukiuliza kilichofanyika, utapata habari. Pili, kurasa za wanaresidensi wa sasa. Programu nyingi huweka picha na majina yenye shahada. Penye DO wengi, COMLEX inasomwa. Pasipo na hata mmoja, tovuti iseme itakavyo.

Majibu yalikuwa ya aina tatu. Hospitali za jamii na zile zenye asili ya osteopathia: COMLEX inatosha kabisa. Vyuo vikuu vya kati: inapokelewa, lakini Step 2 CK inasaidia sana. Vyuo vikubwa vya utafiti: leta USMLE. Anayetaka mifupa, ngozi au upasuaji wa ubongo ajue kwamba watu waliotangulia huko karibu wote wanashauri kufanya USMLE. Anayetaka tiba ya familia katika mji mdogo anaweza kabisa kufunga mjadala hapa na kubaki na pesa zake.

Mwezi huu pia umewasilishwa bungeni mswada unaoitwa FAIR Act, unaotaka programu zinazolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali, zipokee DO na COMLEX kwa usawa na MD na USMLE. Nauombea upite kwa moyo wote. Si haki mwanafunzi mwenye mkopo mkubwa kulipia mitihani miwili inayopima udaktari uleule. Lakini siwezi kupanga mwaka wangu kwa sheria ambayo haijapita.

Uamuzi wa leo: njia ya pili, mitihani yote. Nataka kusomea figo baadaye, na nafasi za ubingwa wa figo ziko zaidi kwenye vyuo vikuu.

20 Machi 2023: Malipo na ratiba

Step 1: dola 660, dirisha la miezi mitatu la kuchagua siku ya mtihani. Level 1: karibu dola 700. Benki ya maswali ya UWorld: zaidi ya dola 400. Ada ya USMLE hairudishwi, soma masharti kabla ya kubonyeza.

Ratiba: UWorld asubuhi, kurudia makosa jioni, tiba ya mikono iachwe hadi wiki za mwisho kwa kuwa USMLE haiulizi. Kwanza Step 1, kisha Level 1 siku chache baadaye.

21 Mei 2023: Ratiba imevunjika

Nimefanya mitihani ya majaribio ya pande zote mbili, CBSSA ya NBME (upande wa USMLE) na COMSAE ya NBOME (upande wa COMLEX).

CBSSA imetoa asilimia 58. Mpaka wa kufaulu uko karibu na 62, na anayejitakia usalama hukaa juu zaidi ya hapo. Pengo lilikuwa kwenye biokemia na takwimu, yaani mambo ambayo USMLE huyachimba kwa kina kuliko COMLEX. COMSAE ilikuwa juu ya 450 ambayo shule yangu inadai kabla ya kumruhusu mtu kufanya Level 1, lakini kwa kidogo, na sehemu ya tiba ya mikono ilikuwa ya chini kuliko zote.

Hilo la pili lilikuwa rahisi kurekebisha, na naliandika kwa urefu kwa sababu naona linawapata wengi. UWorld haina tiba ya mikono. Ukiifanya kuwa chakula chako cha pekee, sehemu ya COMLEX ambayo ni yetu wenyewe inabaki tupu. Na sehemu hiyo si ya kukariri usiku mmoja. Chukua kanuni za Fryette. Uti wa mgongo ukiwa katika mkao wa kawaida, pingili za kundi huinama upande mmoja na kuzunguka upande wa pili. Ukiwa umekunjwa au umenyooshwa, pingili moja huinama na kuzunguka upande uleule. Ukisoma sentensi hizo kitabuni zinaingia vizuri. Ukipewa mgonjwa mwenye pingili ya L4 iliyozunguka kulia ambayo tatizo lake linazidi akijikunja, na maswali mengine yanakusubiri nyuma yake, unagundua kwamba mikono yako inajua kitu ambacho kichwa hakijakipanga.

Marekebisho: kila siku, kabla ya UWorld, maswali machache ya tiba ya mikono kutoka benki iliyotungwa kwa ajili ya COMLEX (nimetumia COMQUEST, wenzangu wengine wanapenda TrueLearn). Jedwali la maumivu ya viungo vya ndani yanavyojitokeza kwenye uti wa mgongo, moyo pingili za T1 hadi T5 na kuendelea, nimelibandika jikoni. Nukta za Chapman, sehemu ndogo za mwili zinazoashiria tatizo la kiungo cha ndani, nimezisoma kwa kuzigusa kwa mwenzangu: ya kidole tumbo kwenye ncha ya ubavu wa 12 wa kulia, huisahau ukishaibonyeza mara moja.

9 Juni 2023: Kuacha Step 1

CBSSA ya mwisho: 61. Imepanda, lakini haijavuka.

Nilikaa na mlezi wangu wa masomo na tukaandika kila kinachoweza kutokea. Nikifanya Step 1 na kufaulu, napata neno "amefaulu" ambalo halina namba. Nikifeli, kufeli huko kunabaki kwenye nakala ya matokeo ya USMLE. Nakala hiyo huonyesha kila jaribio, na huwezi kutuma matokeo mazuri ukaficha mabaya. Programu nyingi huchuja kwa kompyuta yeyote aliyewahi kufeli mtihani wowote. Kufeli Step 1 ambayo sikulazimika kuifanya kungenifungia hata hospitali ambazo zingenipokea kwa COMLEX tupu. Faida ndogo, hasara kubwa.

Nikiiacha, bado nina Step 2 CK mwaka kesho. Ndiyo yenye namba, na inapima tiba ya wodini, sehemu ambayo nina nguvu.

Nimeacha. Dola 660 zimekwenda. Niliumia, na mama alipouliza kwenye simu nilimweleza ukweli. Akasema, "Bora pesa ipotee kuliko jina." Mwanafunzi mwenye CBSSA ya 70 hana sababu ya kufuata nilichofanya, yeye afanye mtihani wake kwa amani. Lakini mwenye namba kama zangu na tarehe imekaribia, asilazimishwe na ada aliyokwisha kulipa.

30 Juni 2023: Level 1

Maswali 352, vipande 8 vya maswali 44. Mapumziko yamepangwa na wao: mafupi mawili na ya chakula katikati. Huwezi kuyagawa utakavyo kama kwenye USMLE, kwa hiyo fanya mazoezi ya vipande viwili mfululizo bila kusimama. Maelezo ya mgonjwa mara nyingi ni mafupi na yenye utata kuliko ya UWorld. Usikae ukitafuta dalili ambayo haikuandikwa. Tiba ya mikono ilikuwa tele, na mazoezi ya jikoni yalilipa.

*Nyongeza, Agosti 2023: nimefaulu.*

18 Februari 2024: Jedwali lafanyiwa kazi tena

Niko rotesheni, mafunzo ya zamu wodini, tangu Julai. Leo nimewaandikia upya waratibu wa vyuo vikuu swali moja tu: "Mwombaji wa DO mwenye Level 1, Level 2-CE na Step 2 CK, bila Step 1, faili lake linahesabiwa limekamilika?"

Wengi wamejibu ndiyo. Wachache, wakiwemo wawili niliowapenda sana, wamejibu kwamba anayeleta USMLE alete zote mbili, au asilete kabisa. Hao nimewatoa kwenye jedwali. Hiyo ndiyo bei halisi ya uamuzi wa Juni, na haimo kwenye risiti yoyote. Anayefuata njia hii aulize swali hili mapema, kabla hajaamua kuacha Step 1.

Nimelipia Step 2 CK: dola 670. Level 2-CE: karibu dola 700.

22 Julai 2024: Step 2 CK, kisha Level 2-CE

Mpangilio: Step 2 CK kwanza, ambayo mwaka huo ilikuwa maswali yasiyozidi 318 katika vipande 8 vya saa moja. Kisha siku kadhaa za tiba ya mikono tupu, maadili na sheria. Halafu Level 2-CE, maswali 352. Mpangilio huu ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Maandalizi ya Step 2 CK yanabeba sehemu kubwa ya Level 2-CE, na siku za katikati huingiza kile kinachobaki. Ukigeuza mpangilio, tiba ya mikono unaisoma halafu unaiacha ipoe bila faida.

Kilichokwama ni tarehe. Rotesheni yangu ya upasuaji ilisogezwa mbele na kugongana na siku ya Step 2 CK. Kituo cha karibu cha Prometric kilikuwa kimejaa hadi Agosti, na Agosti ingekuwa hatari kwa sababu alama huchukua wiki kadhaa kutoka, na nilitaka ziwe mkononi kabla programu hazijafungua maombi. Nikapata nafasi katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari. Hoteli usiku mmoja na mafuta: dola 190. Wadogo zangu, tafuteni tarehe ya Juni mnapokuwa bado Januari, na mwandikieni mratibu wa rotesheni siku hiyohiyo mnapoipata.

*Nyongeza, Agosti 2024: Step 2 CK 244, mpaka wa kufaulu ni 214. Level 2-CE 561, mpaka ni 400.*

25 Septemba 2024: Maombi yamefunguliwa

ERAS, mfumo wa kutuma maombi ya residensi, mwaka huu inatoza dola 11 kwa kila programu hadi ya 30, kisha dola 30 kwa kila inayozidi. Mtu akituma 45 katika fani moja analipa 780. Nakala ya USMLE dola 80, ya COMLEX dola 80 nyingine, kwa hiyo tunatozwa mara mbili hata hapa. Kujiandikisha NRMP (wanaoendesha Match, yaani kugawa nafasi kwa kulinganisha orodha ya mwombaji na ya programu) dola 70.

Magonjwa ya ndani yana ishara 15 za kuwaambia wakurugenzi unawapenda: 3 za dhahabu, 12 za fedha. Nimezigawa kwa kufuata jedwali. Dhahabu zimekwenda kwa vyuo vikuu vilivyosema Step 2 CK inatosha na vyenye DO miongoni mwa wanaresidensi wa sasa. Sikutumia hata moja kujaribu bahati kwa wale walioandika "zote mbili".

14 Desemba 2024: Usaili

Yote kwa video, hakuna nauli. Swali la Step 1 limeulizwa mara chache kuliko nilivyohofia. Jibu langu lilikuwa fupi na la kweli: nilipima maandalizi yangu, nikaona hayajatosha, nikaelekeza nguvu kwenye mtihani ulio karibu na wodi. Mkurugenzi mmoja alitikisa kichwa kwa kukubali, akahamia kwenye utafiti wangu wa kisukari na figo.

Kwenye hospitali za jamii hakuna aliyegusa USMLE. Walitaka kujua kama kweli ninatumia mikono kwa wagonjwa wa mgongo. Ninaitumia, na nilifurahi kuulizwa.

21 Machi 2025: Siku ya Match

Jumatatu ya tarehe 17 nilipata taarifa kwamba nimepata nafasi. Leo nimejua ni wapi. Ni chuo kikuu, magonjwa ya ndani, na kina ubingwa wa figo ndani yake. Ni miongoni mwa zile nilizozipa ishara ya dhahabu. Mwaka huu asilimia 92.6 ya wanafunzi wa mwisho wa DO wamepata nafasi, dhidi ya 93.5 ya wenzao wa MD. Rafiki yangu wa karibu aliyefanya COMLEX tu amepata tiba ya familia palepale alipopataka zaidi. Mwingine mwenye Step 1 na Step 2 CK amepata nusukaputi. Hakuna kati yetu aliyehitaji mitihani ya mwenzake.

15 Juni 2025: Kinachofuata, na mabadiliko kwa wanaonakili

Ninaanza kazi mwezi ujao. Level 3 ni ya siku mbili na mpaka wake ni 350. Nitaifanya mwaka huu wa kwanza. Step 3 imefungwa kwangu kwa kuwa inadai Step 1 na Step 2 CK zote, na programu yangu imethibitisha kwa maandishi kwamba Level 3 inatosha. Mwenye Step 2 CK peke yake aombe uthibitisho huo kabla ya kupanga orodha yake ya NRMP.

Kuanzia 1 Julai 2025 mpaka wa kufaulu Step 2 CK unapanda kutoka 214 hadi 218, kwa hiyo msitumie namba zangu za 2024 kupimia majaribio yenu. Anayenakili jedwali abaki na safu tano: jina la programu, jibu la mratibu kwa maneno yake mwenyewe, tarehe ya jibu, kama wapo DO kati ya wanaresidensi wa sasa, na kama Step 2 CK bila Step 1 inakubaliwa. Majibu yaliyozidi mwaka mmoja yaulizwe upya.